Vuli Si Majani Yanayoanguka

Miaka hii shule zetu hufunguliwa mwezi wa Septemba, mvua zinapoanza. Haichukui muda darasa la Kiswahili hupewa kazi ile ile ya kila mwaka: andika insha kuhusu msimu uupendao. Nimesoma nyingi za insha hizo, na zinafanana kama maharage ya ganda moja. Majani yanageuka rangi ya dhahabu, yanapukutika, watu wanavaa skafu, bibi anafuma sweta kando ya moto, familia inatembelea bustani na kupiga picha za msitu mwekundu. Juu ya karatasi pameandikwa kwa herufi kubwa: VULI.

Mwandishi ni mtoto wa Mbugangari, hapa Gisenyi, wilayani Rubavu. Anakaa chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta, na msitu mwekundu hajauona hata siku moja. Wakati anaandika hayo, nje ya dirisha mvua inapiga mabati na mama yake yuko shambani anapanda maharage.

Mimi napinga insha hizo. Simlaumu mwanafunzi, kwa maana ameandika alichofundishwa. Ninachokipinga ni desturi ya kulichukua neno letu la vuli, kulimwaga lililokuwa ndani, na kulijaza msimu wa watu wengine. Ukifungua programu ya kutafsiri kwenye simu ukaandika autumn, itakujibu vuli. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Vuli ni nini basi? Watu wa pwani, wenye lugha hii tangu zamani, waliugawa mwaka kwa mvua na pepo. Masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Kipupwe ni baridi ya katikati ya mwaka. Kiangazi ni jua kali. Vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Hakuna jani linaloanguka katika maana hiyo. Kuna mbegu zinazoingia ardhini.

Na sisi Wanyarwanda hatukuja katika Kiswahili mikono mitupu. Kinyarwanda kina misimu minne: urugaryi, itumba, icyi na umuhindo. Umuhindo ndio mvua za kuanzia Septemba, na ni ndugu wa damu wa vuli. Sababu yao ni moja. Ukanda wa mvua hulifuata jua, na jua huvuka ikweta kuelekea kusini karibu na tarehe 23 Septemba. Siku chache baadaye liko juu kabisa ya vichwa vya watu wa Gisenyi. Kwa hiyo safari moja ya jua huleta mambo mawili yaliyo kinyume: kule Ulaya mti unafunga duka, huku kwetu shamba linafungua. Kuyaita mambo hayo kwa jina moja ni sawa na kuita maziko na arusi kwa jina moja kwa sababu tu yamefanyika siku moja.

Wapo watakaosema kwamba hili ni suala dogo la kamusi, liachiwe walimu. Silikubali. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa mvua za vuli, na hapa kwetu Meteo Rwanda hutangaza utabiri wa Septemba hadi Desemba. Matangazo hayo yanamwambia mkulima apande lini, achimbe mtaro wapi, na nani ahame bondeni. Mnamo tarehe 3 Desemba 2023, katika vuli iliyokuwa na mvua kubwa za El Niño, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang' vikaufunika mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Kabla ya hapo, mvua za miezi hiyo hiyo zilikuwa zimepungua vibaya mwaka wa 2020, 2021 na 2022 huko kaskazini mwa Kenya na Somalia, na mifugo ikafa kwa wingi. Neno lenye uzito kama huo hatuwezi kumfundisha mtoto kwamba maana yake ni majani ya dhahabu. Siku atakaposikia redioni kwamba vuli ya mwaka huu itakuwa kubwa, atafikiri wanazungumzia mapambo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengine wanadhani nalipinga. Sipingi kufuma, sipingi kutembelea bustani, wala sipingi kupiga picha. Nasema hivi: mambo hayo matatu ni yetu, na umuhindo ndio wakati wake. Aliyeyanakili kutoka kitabu cha kigeni ameyatafuta mbali ilhali yako mlangoni pake.

Tuanze na kufuma. Gisenyi iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na jioni ya mvua upepo wa Ziwa Kivu haumhurumii mtu. Ukipanda juu kuelekea Kanama na Bigogwe, baridi inazidi. Hapa Mbugangari wanawake hukaa chini ya baraza mvua inaponyesha, sindano mbili mkononi na uzi ndani ya kikapu, wakifuma kofia na soksi za mtoto mchanga, sweta za shule na vitambaa vya makochi. Mimi hufuma pamoja nao, na sioni aibu. Ni kazi inayofundisha subira kuliko somo lolote: ukiruka tundu moja, mstari wa kumi utakusuta. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena sweta ya kufuma nyumbani ina siasa yake. Mwaka wa 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo ili viwanda na mafundi wa ndani wapate pumzi. Mwaka wa 2018 Marekani ilijibu kwa kusimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia kwake bila ushuru. Mitumba tunaiita caguwa, na neno hilo limetoka kwenye Kiswahili chagua. Sasa basi, tuchague. Anayeketi kufuma sweta ya mdogo wake jioni ya umuhindo anashiriki katika ubishi huo, hata kama hajui tarehe zake.

Pili, bustani. Katika insha zile, bustani ni mahali pa kulipia kiingilio, pana viti vya chuma na maua ya waridi yanayokauka. Sisi tuna akarima k'igikoni, bustani ya jikoni, ambayo serikali imehimiza kila nyumba iwe nayo. Ni duara au tuta la udongo lililoinuliwa kwa mawe meusi ya volkano, lenye dodo, karoti, vitunguu na kabichi. Wiki ya tatu au ya nne baada ya mvua kuanza, hakuna kitu kizuri zaidi cha kutembelea. Ukienda kwa jirani utaona maharage ya kupanda yameanza kuzunguka miti yake, na mwenye bustani atakueleza mbegu ameitoa wapi na kwa nini tuta lake ameliinamisha maji yasituame. Ukiondoka utafungiwa mchicha kwenye jani la mgomba. Bustani gani ya kulipia inakupa hayo?

Tatu, picha. Mtu mmoja aliniambia kwamba nchi isiyo na majani mekundu haina cha kupiga picha. Huyo hajatazama juu. Wakati wa icyi, vumbi na moshi hufunika anga, na milima ya volkano hupotea kwa wiki nyingi. Mvua za kwanza za umuhindo huiosha anga hiyo. Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku unaamka na kuiona Nyiragongo imesimama wima kaskazini, ile ile iliyolipuka tarehe 22 Mei 2021, kana kwamba imesogea karibu. Karisimbi, yenye mita 4,507, mara nyingine huonekana na weupe kileleni, na jina lake limetokana na isimbi, kauri nyeupe. Simu ya kawaida inatosha kuipiga picha. Elekeza kamera milimani na ziwani, uiache mipaka na askari wake.

Na kama ni majani kuanguka, hayo pia tunayo, ila kwa ratiba yetu. Mti wa umuko hupukutisha majani yake wakati wa ukame, kisha huchanua maua mekundu kwenye matawi matupu. Wekundu ule wanaoutafuta Ulaya uko kwenye ua wa jirani, na unakuja kabla ya mvua, si baada yake.

Kisha tazama nyaya za umeme mwezi wa Oktoba. Utawaona mbayuwayu wamejipanga. Wengi wao wametoka Ulaya, wamekimbia ule msimu wa majani ya dhahabu ambao wanafunzi wetu wanausifu. Ndege mwenye uzito wa gramu ishirini hivi amevuka Sahara aje kula wadudu wa umuhindo wetu. Mbayuwayu anaijua tofauti ya vuli na autumn kuliko vitabu vyetu.

Najua hoja tatu zitaletwa dhidi yangu. Ya kwanza: lugha hukua kwa kukopa. Kweli, na mimi nimetumia redio, kamera na skafu bila kuomba radhi. Lakini kukopa ni kuleta neno kwa kitu kisicho na jina. Hapa tumefanya kinyume: kitu kigeni kimekopa jina la kitu chetu, na chetu kimebaki bila jina. Wanaotaka kuueleza msimu wa Ulaya waandike msimu wa kupukutika majani, ieleweke.

Ya pili: mwanafunzi lazima aujue ulimwengu. Naam, aujue, na ajue pia kwamba yeye ni sehemu yake. Mtoto wa London anapoandika kuhusu msimu wake anaandika alichokiona. Nasi tupewe haki hiyo hiyo.

Ya tatu ndiyo nzito: kwamba kufuma, kutazama ndege na kupiga picha ni starehe ya walioshiba, na umuhindo ni wakati wa jembe. Mwenye hoja hii anawasahau wale wanawake wa barazani. Wametoka shambani saa nane, mvua imewakatiza, na mikono yao haijui kukaa bure. Kufuma kwao ni kazi na ni raha kwa pamoja. Maskini naye ana macho, na mlima hautozi kiingilio.

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka wa 2017. Maana yake ni kwamba Kiswahili cha shule zetu bado kibichi, kama ukuta ambao saruji yake haijakauka. Tukiandika ndani yake sasa kwamba vuli ni majani yanayoanguka, maandishi hayo yatakauka hivyo, na wajukuu wetu watayasoma hivyo. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo nawaomba walimu wangu, kwa heshima zote, wabadilishe swali. Wasiseme tena "Andika kuhusu msimu uupendao" kisha wakatoa mfano wa theluji na majani makavu. Waseme: "Eleza vuli ya nyumbani kwenu. Nani anapanda nini? Nani anafuma nini? Mlima unaonekana saa ngapi?" Nanyi wanafunzi wenzangu, kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, fungueni dirisha.