Hayward na Ng'ombe wa Jirani



Ng'ombe wa jirani akiingia katika mahindi yako, utamwita nani? Katika vijiji vya Uingereza, miaka 700 iliyopita, alikuwapo mtu wa kuitwa. Kazi yake imekwisha zamani, lakini jina lake lipo. Ni jina la ukoo, Hayward. Tamka Heiwadi.

Nilipokuwa chuo cha kilimo nilijifunza neno hei, yaani majani makavu ya kulishia ng'ombe. Basi nikadhani Hayward ni mlinzi wa majani makavu. Sivyo. Katika Kiingereza cha kale neno hege maana yake ni ua, na weard ni mlinzi. Hayward ni mlinzi wa ua.

Kwa nini ua uwe na mlinzi? Katika vijiji vingi, shamba lilikuwa kubwa na la wengi. Kila mkulima alikuwa na vipande vyake humo, virefu na vyembamba. Kati ya kipande na kipande hapakuwa na ua. Ua ulizunguka shamba zima. Pengo moja tu likiachwa, ng'ombe waliingia wakala ngano ya watu wote. Baada ya mavuno mambo yaligeuka. Ng'ombe na kondoo waliruhusiwa kuingia kula mabua, na samadi yao ikabaki shambani. Hapo mimi bwana shamba sina la kuwasahihisha.

Hayward alizunguka mashamba asubuhi na jioni, akiwa na pembe ya kupuliza. Wakati mwingine alilala huko huko. Mnyama aliyeingia katika mazao alimkamata na kumfungia bomani. Mwenye mnyama alilipa faini kwanza, ndipo akamchukua. Wakati wa kupanda, Hayward aliwasimamia pia wanaolima na kupanda.

Haikuwa kazi ya kupendwa. Mara nyingi Hayward alikuwa mkulima mdogo kama wenzake, naye alikamata ng'ombe wa jirani zake. Faini ilikwenda kwa kabaila mwenye ardhi. Naye akizembea, aliweza kutozwa faini yeye mwenyewe.

Wakati huo watu wengi waliitwa John au William. Ili kuwatofautisha, watu walitaja kazi: John mhunzi, John mlinzi wa ua. Taratibu, hasa kati ya mwaka 1100 na 1400, watoto wakaanza kurithi majina hayo. Mwaka 1538, chini ya Mfalme Henry wa Nane, kila parokia iliagizwa kuandika daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Majina yakazidi kushika. Mtoto aliandikwa Hayward hata kama hakuwahi kushika pembe.

Kuanzia miaka ya 1750 Bunge lilipitisha maelfu ya sheria za kugawa mashamba ya pamoja. Kila mwenye ardhi alizungushia ua sehemu yake. Wakulima wadogo wengi wakakosa malisho, na mlinzi naye akakosa kazi.

Jina lilifika hata migodini. Isaac Hayward, aliyezaliwa Wales mwaka 1884, alianza kazi katika mgodi wa makaa ya mawe angali mvulana. Kuanzia mwaka 1947 hadi 1965 aliongoza baraza lililosimamia London. Mwaka 1968 jumba la kuonyesha picha na sanamu lilifunguliwa mjini humo, likapewa jina lake. Lipo hadi leo, karibu na mto Thames.