Kiuno cha Mchimbaji

Vijana wengi wa Mongbwalu wakiumwa kiuno wanajilaza siku nyingi, wanameza tramadoli, kisha wanarudi shimoni kubeba mifuko ya mchanga. Kitanda hakiponyeshi kiuno. Mwezi wa 12, 2023, OMS ilitoa mashauri juu ya maumivu ya kiuno yanayopita miezi 3: mazoezi ya mwili na mafundisho, ndiyo, mkanda wa kiuno na dawa za jamii ya tramadoli, hapana. Mganga wa kineziterapia atakuonyesha mazoezi, lakini kuyafanya nyumbani ni kazi yako, hata yakiuma kidogo. Tembea pia. Ila miguu ikilegea, mkojo ukikataa ao homa ikikushika, usingoje ibada iishe. Nenda hospitali leo, maombi yatakufuata njiani.