Barua Zilizotupwa Dirishani



Leo tuzungumze habari ya kijicho, tena si kile cha kugombana hadharani, bali kile kinachobisha hodi kwako kama rafiki. Ninyi mlio na kitabu cha Juliasi Kaizari, kitoeni sandukuni. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha shule ya misheni ya Pugu kabla ya kuongoza nchi, alikifasiri kutoka Kiingereza cha Shakespeare. Kilichapwa mwaka 1963, naye akakisahihisha na kukitoa tena mwaka 1969. Wengi hudhani ni mchezo wa siasa tu. Mimi nasema ni habari ya jirani na jirani.

Cassius hakuibiwa kitu na Kaizari. Kinachomwuma ni kwamba zamani walishindana kuogelea mtoni, Kaizari akazidiwa na maji, yeye akamwokoa. Tena alimwona akitetemeka kwa homa kule Hispania. Na sasa mtu huyo huyo anaheshimiwa kama mungu! Hapa Ihanja tunawajua watu wawili waliochunga ng'ombe pamoja utotoni, kisha mmoja akavuna alizeti vizuri akaezeka bati. Mwenzake hawezi kusema, "Bati lako linaniuma." Hutafuta maneno mengine.

Tazameni basi ufundi wa Cassius. Hamwendei mtu mwovu. Anamwendea Brutus, mtu mwema ambaye mji wote unamwamini. Anamsifu, anamkumbusha babu zake waliomfukuza mfalme. Usiku anaagiza barua zitupwe dirishani kwake, zenye mwandiko mbalimbali, kana kwamba zimetoka kwa raia wengi. Brutus anasoma na kuamini kwamba Roma nzima inamwita. Kumbe ni mtu mmoja! Siku hizi barua hizo huja kwa simu, nazo huanza, "Watu wanasema." Watu gani? Wahesabuni.

Lakini lililonishtua mimi ni Brutus akiwa peke yake bustanini. Anakiri moyoni kwamba hajui kosa lolote la Kaizari. Anakata shauri kumwua kwa ajili ya kile ambacho huenda atakuwa kesho, akivikwa taji. Huenda! Katika mikoa ya jirani zetu, Shinyanga na Tabora, wameuawa bibi vikongwe kwa neno hilo hilo. Macho yake ni mekundu, basi huenda ni mchawi. Na macho yale yamewekundishwa na moshi wa jiko alilopikia wajukuu miaka hamsini. Mara nyingi nyuma ya neno hilo pana shamba ambalo mtu analitamani.

Ninyi akina mama mtampenda Portia, mke wa Brutus. Aliona mumewe hali, halali, hasemi. Akapiga magoti, akamwuliza wale wageni waliofunika nyuso usiku walitaka nini. Swali zuri sana. Bahati mbaya alikwisha chelewa, maana mumewe alikuwa amekwisha toa ahadi kwao. Enyi akina baba, neno ambalo huwezi kumwambia mkeo, kwa nini umekubali kulisikia kwa mgeni wa usiku?

Na Cassius je? Vita viliwakuta Filipi, mji ule ule ambao baadaye Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakristu wake. Cassius alimtuma rafiki yake Titinius akaangalie askari wale ni wa nani. Mtumishi akapanda kilimani kutazama, akaona Titinius amezungukwa na wapanda farasi, akapaza sauti kwamba ametekwa. Cassius hakwenda kujionea. Alimpa mtumishi upanga wake amchome, akafa. Wale wapanda farasi walikuwa wenzao, wakishangilia. Titinius alirudi na taji la ushindi mkononi, alilopewa ampelekee, akamkuta amelala chini.