Kabla ya Kipimo cha Damu, Sonona Iulizwe

Bibi anaposahau kama amekula, akaacha kwenda shambani na kuamka saa tisa usiku asipate tena usingizi, jamaa zake pale Rujewa huona kuwa amezeeka tu. Kosa huwa kubwa zaidi mhudumu wa afya anapokubaliana nao, akaandika "uzee" kwenye daftari na kumwita anayefuata. Neno hilo likishaandikwa, uchunguzi umekoma.

Huenda bibi huyo ana sonona. Kwa mzee, sonona mara nyingi haiji na machozi. Huja na maumivu ya mwili yasiyoisha, kukosa hamu ya chakula, ukimya na usahaulifu. Aliyefiwa na mwenzi wake, au aliyelima mpunga wa Usangu miaka yote na sasa magoti yamemkatalia, yumo hatarini. Akiulizwa jambo, mwenye sonona hujibu upesi "sijui", ilhali mwenye demensia hujaribu, akakosea. (Hicho ni kidokezo, si kipimo.)

Hata hivyo, maradhi haya mawili huandamana. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet iliitaja sonona miongoni mwa vihatarishi 14 vya demensia vinavyoweza kupunguzwa. Na kwa baadhi ya wazee, sonona inayoanza uzeeni ndiyo ishara ya kwanza ya ubongo unaodhoofika. Ndiyo maana viashiria vya kibiolojia vinapewa uzito. Protini za amiloidi na tau, zilizohitaji maji ya uti wa mgongo au picha ghali za ubongo, sasa hupimwa katika damu, na Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha aina hiyo. Ni hatua njema, lakini kipimo hicho hutafuta alama za ugonjwa wa Alzheimer. Hakisemi lolote kuhusu huzuni ya bibi, wala Mbarali haiwezi kukingoja.

Kinachowezekana leo ni kupima wingi wa damu, sukari, VVU na kaswende, kisha kuuliza. Maswali 15 ya sonona ya wazee hujibiwa ndiyo au hapana. Kwa kumbukumbu, kipo kipimo cha IDEA, kilichobuniwa wilayani Hai, Kilimanjaro, ambacho humtaka mzee kupanga njiti za kiberiti. Asiyejua kusoma haonewi.

Dawa nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Amitriptilini hupatikana kwa urahisi, lakini huzuia mkojo, huweza kumwangusha mzee na huvuruga kumbukumbu ileile inayotibiwa. Fluoksetini ikiwapo, ndiyo itangulie. Miezi michache baada ya tiba, njiti zipangwe tena. Moyo ukichangamka na kumbukumbu isirejee, hapo rufaa ya kwenda Mbeya iandikwe.