Shahidi aliye chini ya gia: data ya ajali ya gari lako ni ya nani?

Mwaka jana, siku chache baada ya Idd ndogo, shemeji yangu aligongana na lori kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, mbele kidogo ya Kikambala. Alhamdulillahi, yeye alitoka na mkono uliovunjika tu. Kijana wa bodaboda aliyekuwa kando ya lori hakubahatika hivyo. Mpaka leo anatembea kwa magongo.

Gari lilipondeka mbele na mifuko ya hewa ilifumka. Kampuni ya bima ikalitazama, ikasema halitengenezeki, ikalipa. Shemeji akatia sahihi karatasi alizopewa, akachukua hundi, na mabaki ya gari yakachukuliwa na kuuzwa. Sote tulidhani jambo limekwisha. Miezi saba baadaye akaitwa mahakamani kwa shtaka la kuendesha gari kwa njia ya hatari. Mashahidi wawili wanasema alikuwa "akipaa". Yeye anasema alikuwa kwenye 60, na lori ndilo lililokata kona bila ya ishara.

Wakili alipomuuliza gari liko wapi, shemeji alishangaa. Gari la nini tena? Wakili akamueleza kwamba ndani ya gari lile mlikuwamo shahidi wa tatu, ambaye hana upande wala hasahau, na kwamba alimuuza pamoja na mabati.

Shahidi huyo ni kisanduku kidogo cha chuma kilichofungwa kati ya viti vya mbele, chini ya gia. Watu hukiita kisanduku cheusi kama kile cha ndege, ingawa mara nyingi si cheusi. Kazi yake ya kwanza ni kuamua mifuko ya hewa ifumke lini. Kazi ya pili, ambayo wengi wetu hatukuambiwa tuliponunua gari yadi, ni kuweka kumbukumbu ya ajali. Huhifadhi sekunde chache kabla ya kishindo: gari lilikuwa na mwendo gani, dereva alikanyaga breki au hakukanyaga, pedali ya mafuta ilishuka kiasi gani, mkanda ulifungwa au la, na kishindo chenyewe kilikuwa na nguvu gani. Mifuko ikishafumka, kwa kawaida kumbukumbu ile hujifunga na haiandikwi juu yake nyingine.

Tusikitwike kisanduku hiki yasiyo yake. Hakinasi sauti zenu garini, hakina picha, na kwa kawaida hakijui ulikuwa Mtwapa au Mazeras. Anayekufuata kwa setilaiti ni trakta ile ndogo ambayo mabenki na kampuni za bima hutaka ufunge, nayo ni habari nyingine. Wala si kama kidhibiti mwendo cha matatu, ambacho tumekizoea tangu kanuni za marehemu Michuki za mwaka 2004, na ambacho aina yake ya kisasa iliyosukumwa na NTSA mwaka 2018 huweka rekodi ya mwendo. Kidhibiti kile kimetajwa katika kanuni, mwenye matatu anajua kipo, na abiria anajua kipo. Kisanduku cha ajali kimeingia nchini kimyakimya, kupitia bandari yetu hii hii, ndani ya magari yaliyotumika kutoka Japani. Kitabu cha maelezo mara nyingi hukitaja, lakini kwa Kijapani, na nani kati yetu amewahi kukifungua?

Na vitazidi. Japani imevilazimisha kwa modeli mpya tangu Julai 2022. Umoja wa Ulaya umevilazimisha kwa magari yote mapya tangu Julai 2024. Marekani, ambako kanuni ya zamani ilitaka sekunde 5 kabla ya ajali, mwishoni mwa 2024 ilitoa kanuni mpya ya kupandisha muda huo hadi sekunde 20. Sisi tunaruhusu gari lisilozidi miaka 8, kwa hiyo linalolazimishwa kule leo huwa letu kesho kutwa, tupende tusipende.

Wenzetu wa Marekani wamegombania jambo hili kwa muda mrefu, na kuna ya kujifunza kwao. Aprili 2007 gavana wa New Jersey, Jon Corzine, alinusurika kufa katika gari la serikali lililoendeshwa na polisi. Kisanduku kilionyesha gari lilikuwa kwenye maili 91 kwa saa, karibu kilomita 146, mahali pa maili 65, naye hakufunga mkanda. Mwaka 2011 naibu gavana wa Massachusetts, Tim Murray, alipata ajali akiwa peke yake kwenye gari la serikali. Alisema alifunga mkanda na hakuzidisha mwendo. Kisanduku kikasema maili 108 kwa saa, na mkanda haukufungwa. Nakiri nilicheka niliposoma. Ni mara chache mkubwa hukanushwa na kiti alichokikalia.

Lakini cheko halikudumu, kwa sababu swali hilo hilo liliwafika watu wa kawaida. Polisi akilikuta gari lako limepondeka, je, ana haki ya kuchomeka waya na kusoma tu? Mahakama moja ya rufaa ya California mwaka 2013 ilisema anaweza, hahitaji kibali. Mahakama ya rufaa ya Florida mwaka 2017 ikasema hawezi bila kibali cha hakimu, na Mahakama ya Juu ya Georgia mwaka 2019 ikasema hivyo hivyo, ikafuta hukumu ya dereva katika ajali iliyoua watu wawili. Watu wawili walikufa, na data ilikuwa dhidi yake. Hata hivyo majaji walisema serikali ilipita dirishani badala ya mlangoni. Huo ni uamuzi mgumu kuumeza, na mimi naukubali, kwani kibali kilikuwa kinapatikana kwa kuombwa tu.

Bunge lao lilishatunga sheria mwaka 2015 inayosema kwamba data ya kisanduku ni mali ya mwenye gari au aliyelikodi kwa mkataba, na mwingine haisomi bila ridhaa yake, amri ya mahakama, au sababu chache zilizotajwa. Ulaya wamefuata njia nyingine: kisanduku hakizimwi, lakini data haina jina na hata tarakimu nne za mwisho za namba ya chesisi hazihifadhiwi humo, na mamlaka za serikali huipata kwa ajili ya utafiti wa ajali.

Na hapa kwetu? Sheria ya Trafiki inazungumza juu ya breki, taa, magurudumu na vidhibiti mwendo. Mkaguzi wa magari alipolitazama gari la shemeji aliangalia hayo hayo, akaandika ripoti, akaenda zake. Kisanduku hakikutajwa na mtu.

Hatuna uchi kabisa, lakini. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yetu, pamoja na mali zetu zisipekuliwe wala kutwaliwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema data binafsi ni habari yoyote inayomhusu mtu anayetambulika au anayeweza kutambulika. Mwendo wa gari peke yake si mtu. Lakini pale mtathmini wa bima anapouambatisha na fomu yako ya madai, yenye jina lako na namba ya gari, umeshakuwa habari yako. Basi una haki ya kuambiwa inachukuliwa, inachukuliwa kwa nini, na ya kuiona. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au asilimia moja ya mapato yake ya mwaka, iliyo ndogo kati ya hizo.

Kuna tofauti hapa ambayo sijasikia ikisemwa. Sheria ya Marekani inampa haki mwenye gari. Yetu inampa haki mtu ambaye data inamhusu, yaani aliyekuwa usukanini. Kwetu Pwani hiyo si tofauti ndogo. Madereva wangapi wa teksi, tuktuk na magari ya mizigo wanaendesha chuma cha tajiri, wakipeleka hesabu kila jioni? Ajali ikitokea, tajiri na bima wanaweza kukaa meza moja wakakubaliana kisanduku kisomwe au kisisomwe, kwa maslahi yao, na dereva akabaki nje ya mlango akisubiri kuambiwa kosa ni lake. Kwa sheria ya Marekani hana neno. Kwa sheria yetu analo, ila hajui analo.

Sasa nirudi kwa yule kijana mwenye magongo, maana naona tukizungumza faragha tunamsahau. Kwake yeye kisanduku kile ndicho shahidi pekee ambaye hakuogopa wala hakuhongwa. Kama tutasema data ni ya dereva basi, nukta, tutakuwa tumempa kila aliyegonga mtu na kukosea ruhusa ya kung'oa ushahidi usiku. Siko tayari kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba kisanduku kihifadhiwe kwanza, kabla ya kubishana kisomwe na nani. Ajali ikiwa na majeruhi au maiti, mabaki yasiuzwe mpaka polisi wamalize uchunguzi. Mamlaka ya Kusimamia Bima inaweza kulitaka hilo kwa kampuni zote bila kungoja Bunge. Kusoma kufanywe kwa ridhaa ya aliyeendesha au kwa amri ya hakimu, na wote wenye kesi wawepo. Na hata kikishasomwa, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B inataka cheti cha kueleza data imepatikana vipi na kwa mashine gani, kwa hiyo karatasi iliyochapishwa na kampuni ya bima peke yake isipokewe kama aya.

Maana kisanduku nacho hukosea. Mwendo kinaoandika hutokana na mzunguko wa magurudumu. Ukibana breki magurudumu yakajifunga na gari likateleza, kitaandika mwendo mdogo kuliko wa kweli. Ukibadilisha tairi ukaweka kubwa kuliko za kiwandani, na kwetu nani hajabadilisha, hesabu inapinda. Umeme ukikatika wakati wa kishindo, sehemu ya kumbukumbu inaweza kukosekana. Kwa kawaida hakiandiki hata tarehe, kwa hiyo lazima mtu aonyeshe kuwa kisanduku hiki ni cha gari hili na ajali hii. Na kukisoma kunataka kifaa maalumu, kama kile cha kampuni ya Bosch ya Ujerumani, si zile mashine ndogo za uchunguzi wa injini zilizojaa gereji.

Wanaosema tusijitishe, hiki ni kisekunde tu cha ajali, nawakumbusha lililotokea kwa General Motors. Hiyo haikuwa data ya kisanduku cha ajali, ilikuwa ya magari yanayozungumza na mtandao. Machi 2024 gazeti la New York Times lilifichua kwamba habari za namna watu wanavyoendesha zilikuwa zikiuzwa na kufika kwa kampuni za bima, na wengine bima zao zikapanda bila kujua kwa nini. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani ilitangaza kuizuia kampuni hiyo kwa miaka 5 isizipeleke kwa mashirika yanayokusanya rekodi za wateja. Data ikishakuwa na mnunuzi, haikai sekunde 5.

Mwezi uliopita nilimtafuta aliyenunua mabaki ya gari la shemeji. Akanielekeza kwa fundi wa umeme wa magari huko Majengo, kijana hodari, mwenye kompyuta yake mezani na visanduku vya namna hii vimepangwa kama matofali. Alinieleza bila ya kificho. Kisanduku kilichokwisha kufumua mifuko hakitumiki tena mpaka kifutwe kumbukumbu. Yeye huzifuta. Hakuna sheria aliyovunja, ndiyo kazi yake, na hakuwahi kufikiri kwamba anafuta ushahidi wa mtu. Nilipomwambia, aliinamisha kichwa akaangalia mkono wake.

Jioni nilimpa shemeji habari. Nikamuuliza, lau tungekipata kizima, ungetaka kisomwe? Nampenda shemeji yangu, na nimeshakaa naye garini, nikamshika mkono zaidi ya mara moja tukikaribia Mtwapa. Alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

"Wewe bwana," akasema, "ningetaka kwanza nikisome mwenyewe."

Kesi imeahirishwa tena. Kisanduku, kwa maelezo ya fundi, kimeshafungwa kwenye gari jingine la aina ile ile, na gari hilo linafanya teksi hapa hapa mjini.