Msitu si wa wenye magari pekee

Asubuhi ya Jumamosi malango ya msitu wa Karura, Nairobi, hupokea watu wa kila namna: wakimbiaji, wazee wa mwendo wa taratibu, wazazi na watoto waliobeba chakula cha mchana. Honi za Limuru Road na Kiambu Road zinabaki nyuma. Mbele kuna kivuli, maporomoko ya maji na kima wanaoruka tawi hadi tawi. Baada ya saa mbili watu hao hao wanatoka wakiongea kwa sauti ya chini na nyuso zao zimekunjuka. Wengi wetu huiita hiyo starehe. Sisi tunasema ni afya, na serikali iihesabu hivyo.

Nairobi inachosha. Mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi matatu, anashinda kazini akiwaza karo na kodi ya nyumba, anarudi usiku simu ikimkumbusha mkopo. Mwili unalala, mawazo hayalali. Yakizidi, huonekana kwa namna nyingine: ugomvi nyumbani, presha, usingizi wa mang'amung'amu, na kwa baadhi, chupa.

Japani ililiona tatizo la aina hii mapema. Mwaka 1982 mamlaka ya misitu ya nchi hiyo ilianza kuwahimiza wananchi wafanye shinrin-yoku, yaani kuoga msitu. Hakuna maji wala sabuni. Mtu anatembea polepole, anasikiliza, ananusa, anakaa. Baadaye watafiti waliamua kupima. Waliwachukua wanafunzi wa vyuo vikuu katika maeneo 24 nchini humo, na kila mmoja akakaa siku moja msituni na siku nyingine mjini. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba msituni mate yao yalikuwa na kiwango cha chini zaidi cha kotisoli, homoni inayopanda mtu akibanwa na dhiki. Mapigo ya moyo yalipungua na presha ikashuka.

Huko Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulichambua majibu ya watu karibu 20,000. Waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika misitu, bustani, ufukweni na maeneo mengine ya asili walielekea zaidi kusema kwamba wana afya njema na wameridhika na maisha. Ziwe dakika za safari moja au za vipande vipande, haikuleta tofauti. Ni kweli kwamba utafiti wa namna hiyo hauthibitishi chanzo, kwani huenda mwenye afya ndiye anayetoka zaidi. Lakini ukiuweka kando ya vipimo vya Japani, ujumbe unaeleweka.

Tusidanganyane: msitu hautibu sonona, wala haulipi deni. Anayekosa usingizi wiki baada ya wiki, au anayewaza kujidhuru, aende hospitali leo, na aliye karibu naye amsindikize. Msitu unafaa kabla ya kufika huko. Unampumzisha mtu aliyechoka ili asivunjike.

Ndiyo maana historia ya Karura haina budi kukumbukwa. Msitu huu, uliotangazwa hifadhi mwaka 1932, ulikaribia kugawanywa viwanja miaka ya 1990. Tarehe 8 Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alikwenda kupanda mti pale. Watu wa kukodiwa wakamshambulia, naye akajeruhiwa kichwani. Agosti mwaka huo huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Miti ikapona, lakini kwa miaka mingi baadaye raia waliogopa kuingia, kwa kuwa msitu ulikuwa maficho ya wahalifu. Ua wa umeme na walinzi kutoka vijiji jirani ndivyo vilivyowarudisha watu. Hilo ni funzo, hasa kwa wanawake wanaotaka kutembea peke yao: msitu usio salama haupunguzi hofu, unaiongeza.

Sasa tazama ramani. Karura imezungukwa na Muthaiga, Runda na Gigiri, mitaa ya wenye nyumba za bustani na magari mawili. Mama wa Kayole, mashariki ya jiji, mwenye watoto watatu anapanda matatu hadi mjini, kisha nyingine hadi langoni, na jioni anarudi vivyo hivyo. Jumlisha nauli, kiingilio na chakula, kisha useme kama atakwenda mara moja kwa mwaka. Aliyebeba mzigo mkubwa zaidi ndiye aliye mbali zaidi na kivuli.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Shirika la Huduma za Misitu Nchini litenge angalau Jumapili moja kila mwezi ambapo raia wataingia bure, na siku nyingine kiingilio kisimzidi kibarua. Pili, kaunti ipande miti kandokando ya mito ya Nairobi, Mathare na Ngong, iweke taa na walinzi, hasa upande wa mashariki ya jiji. Inawezekana: Bustani ya Michuki, karibu na mzunguko wa Globe, ilikuwa jalala. Tatu, pasitolewe hata robo ekari ya msitu wa mjini kwa mwekezaji yeyote, hata akija na michoro ya kupendeza.

Nawe msomaji, usingoje serikali. Tafuta dakika 120 kila wiki. Ukishindwa kufika Karura, bustani ya miti ya Arboretum iliyoanzishwa mwaka 1907 iko karibu na katikati ya jiji. Kama hata hapo ni mbali, keti chini ya mwembe wa kanisani au wa shuleni. Zima simu, tembea polepole, mchukue na jirani ambaye siku hizi amekuwa kimya.

Wangari Maathai alimwaga damu ili Karura ibaki mali ya umma. Mama wa Kayole ni umma. Afunguliwe lango.