Ufunguo wa Gari na Gharama za Hospitali

Ndugu askari na mama wa nyumbani, juma hili tuzungumze juu ya ufunguo wa gari. Sheria ya Uganda yataka dereva awe ametimiza miaka 18 na awe na leseni. Hata hivyo, wako wazazi wanaomwachia kijana wa miaka 15 gari au pikipiki kwa kuwa tu anajua kuiwasha.

Ajali itokeapo, wengi hudhani matibabu ni bure, maana ada katika hospitali za serikali ziliondolewa mwaka 2001. Lakini paja lililovunjika huhitaji chuma cha kuungia mfupa, na mara nyingi jamaa huambiwa wakinunue. Kuna dawa, eksirei, chakula cha mgonjwa na cha anayemwuguza, na nauli za miezi mingi. Mama aliyekuwa akiuza sokoni huacha biashara ili alale kando ya kitanda cha mwanawe.

Bima nayo isitumainiwe mno. Bima ya lazima humfidia mtu aliyegongwa, si dereva mwenyewe. Tena sheria ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa kila mtu. Kinachozidi hapo, mwenye gari aweza kudaiwa mahakamani.

Askari hakabidhi bunduki kwa asiyefunzwa. Vivyo hivyo ufunguo ufungiwe kabatini, hasa baba awapo kazini mbali. Kijana akitimiza umri, apelekwe shule ya udereva kwanza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na gharama ya guu hilo hulipwa na nyumba nzima.